Feni ya Chuma

Baba hakuwa mkali. Ni feni iliyomfundisha kupayuka:
mapanga manne ya chuma juu ya pampu ya maji,
yanazunguka kila injini inapozunguka,
Januari ya barafu, Julai ya kaanga,
hayaulizi kama kuna joto au hakuna.
Ndani ya pikapu ile ya mwaka sabini na mbili
tulikua tukizungumza kama watu wa ng'ambo mbili za mto.
"Funga mlango!"
"Nimefunga!"
"Nini?"
"NIMEFUNGA!"
Kutoka Socorro hadi Magdalena, maili ishirini na saba za kupanda,
hayo ndiyo yaliyokuwa maongezi yetu.

Mwaka niliozaliwa ilimla ncha ya kidole.
Akakifunga kwa kitambaa cha kufutia oili,
akajiendesha mwenyewe hospitali.
Na bado, kila nilipomwambia tuitoe, alijibu:
"Imeniuma mara moja tu, Belinda.
Unawajua watu wangapi wenye rekodi hiyo?"

Jumamosi hii amekubali.
Hakusema amekubali. Nimekuta ufunguo mezani, kando ya chumvi.

Feni mbili za umeme nimezing'oa kwenye Taurus iliyogongwa ubavu,
yadi ya Dwayne Etcitty, dola thelathini na tano
na ushauri wa bure:
"Usipitishe umeme wote kwenye swichi. Utapika dashibodi."

Bolti tatu zinatoka kwa heshima.
Ya nne imekula kutu; inataka mafuta, nyundo, na tusi.
Kisha feni inang'oka kama jino.
Baba anaipokea kwa mikono miwili, anapitisha gumba ukingoni,
kidole kifupi kimesimama pembeni kama shahidi.
Anaiviringisha kwenye blanketi, anailaza nyuma ya pikapu.
Simwulizi.

Nakata kava la plastiki kwa msumeno hadi likae sawa na rejeta.
Rilei. Fyuzi ya ampea arobaini. Waya mnene mwekundu.
Kihisi cha joto nakichomeka katikati ya mapezi.
Pa kufunga waya wa ardhi nakwangua rangi mpaka chuma kicheke.
Baba ameshika kurunzi,
anamulika kwa bidii mahali nisipofanyia kazi.

Jua likiegemea milima, tunawasha.

Sauti ya injini tupu. Sijawahi kuisikia.
Kuna vali inayogonga, tk, tk,
huenda imegonga miaka ishirini ikikosa msikilizaji.
Mshale unapanda. Mia na sabini. Themanini.
Baba anapumua kwa pua.
Tisini na tano, na rilei inabonyea: tak.
Feni zinaamka. Taa za mbele zinasinzia kidogo
(altaneta ya kale hiyo, nayo itadai zamu yake).
Mshale unasita, unarudi nyuma,
kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha kitu nyumbani.

Tunapanda kuelekea Magdalena, madirisha yamefungwa.
"HAPA KWENYE KONA..." anapiga kelele,
na sauti yake inajaa kote, inagonga kioo, inamrudia.
Ananyamaza. Anaitafuta sauti nyingine,
kama mtu anayepapasa mifuko ya koti la zamani.
"Hapa kwenye kona," anasema, chini kabisa,
"mama yako aliwahi kuniambia jambo. Jambo refu.
Aliliangalia bonde muda wote alipokuwa akilisema.
Nikamwambia ndiyo."

Vali inagonga. Nabadilisha gia.

"Sikumsikia hata neno. Mpaka leo
sijui nilikubali nini."

Kule juu nazima injini.
Feni zinaendelea zenyewe, kwa betri,
zinamalizia joto lililobaki.
Ningeweza kufungua mlango. Yeye pia.
Tunakaa mpaka zinyamaze,
halafu tunakaa kidogo zaidi.